Vipande vya kifua cha kuku: visibaki vibichi, visikauke

Dada, umeuliza kwa nini vipande vyako vya kifua vinakwama kooni, na ukasema unavikaanga dakika 20 kwa kuogopa watoto wasije wakaumwa tumbo. Hofu hiyo naijua. Nilipoanza kupika vya kuuza hapa mtaani Umoja, Nairobi, nilimpa mteja kipande kilichopendeza nje, kumbe katikati kilikuwa kibichi, bado kinang'aa. Nilikuwa nimekitoa friza na kukitia moja kwa moja kwenye mafuta. Alinirudishia sahani bila neno. Miezi iliyofuata nikawa nakausha kila kitu.

Kilichonitoa hapo ni kipimajoto cha nyama. Kuku ni salama anapofika nyuzi 74 katikati ya sehemu nene, kwa maana joto hilo huua salmonela, vile vijidudu vya kuumiza tumbo, papo hapo. Rangi ya nje haikuambii lolote. Kifua nacho hakina mafuta mengi ya kukisitiri, kwa hiyo kila unapozidisha moto maji yanakamuka. Kipande chembamba huiva kwa dakika 4 hadi 6 tu; zile nyingine zote ulikuwa unakausha. Chomeka kipimajoto kwa ubavuni, kisome 74, toa.

Kijaribu kwanza kwenye maji yanayochemka. Hapa Nairobi kitasoma kama 94, na wala si kibovu: tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika 100. Nilikaribia kurudisha changu dukani kwa kutojua hilo. Kwenye glasi iliyojaa barafu na maji kidogo kisome 0.

Kuku wa friza myeyushie ndani ya friji usiku kucha, kwenye bakuli, rafu ya chini kabisa, maji yake yasidondokee vyakula vingine. Na tafadhali usimwoshe kwenye sinki. Najua tumelelewa hivyo, lakini matone yanaruka hadi kwenye nyanya za kachumbari, na vijidudu vinavyobaki kwenye nyama vitakufa kwa moto.

Asubuhi vuta ile kano nyeupe, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu kilo, mimina maziwa lala yafunike, rudisha kwenye friji kwa muda wa saa 2 hadi 4. Chumvi inaifanya nyama ishike maji yake. Mimi siruki hatua hii hata nikiwa na haraka. Kisha chuja, pakaza unga wenye pilipili manga, kaanga kwenye mafuta ya nyuzi 175 hivi, vipande vinne vinne. Ukijaza karai, mafuta yanapoa na unga unayanywa.

Viweke juu ya wavu dakika 3 kabla ya kula. Usivifungie kwenye hotpoti vikiwa moto, mvuke utalainisha ganda lote. Ukijaribu, niandikie kilisoma ngapi ulipovitoa.