Kabla Hujasema Spika Zimekufa

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayefanya naye kazi alirudi karakana akiwa amebeba spika mbili ndefu za mtumba, akazitua sakafuni na kunitangazia kwamba zimekufa. Nilimwuliza amezipimaje, akajibu kwamba amezisikiliza. Nikamwuliza kama nyaya alizotumia ni zake au alizikuta ndani ya nyumba ya mteja, na kama alikuwa na betri mfukoni, naye akanitazama kama ninayemwuliza habari za mvua ya mwaka juzi. Tulizifunga palepale, na baada ya dakika tano jirani akaja kuomba tupunguze sauti. Huyu ni kijana wa tatu mwaka huu kuzika spika iliyo hai, na kwa kuwa nimechoka kuyarudia maneno haya kwa mdomo, nimeona niyaandike kwa ajili yenu nyote mnaoanza kazi ya kufunga homthieta za mtumba. Sitawafundisha kumenya waya wala kuwasha risiva, ile mashine inayopokea sauti na kuzigawia spika zote nguvu. Nina imani mmeshayavuka hayo.

1. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka kitu chochote ukutani. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, ya Marekani inataka volti 120, na soketi zetu zinatoa 230. Hata pasi ya volti 100 ukiichomeka kwenye 230 hupata zaidi ya mara tano ya joto lililokusudiwa, na transfoma ya risiva haina uvumilivu wa pasi. Tafuta transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa nyuma ya mashine, tena uizidishe kwa nafasi. Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya kiwango kilekile, wala usiweke kipande cha waya. Fundi aliyewahi kuweka waya ninamfahamu vizuri, kwani ninamwona kila asubuhi ninaponyoa ndevu, lakini kisa chake ni kifupi na kinanuka moshi tu. Kisa kinachoniuma kiko mbele.

2. Usichanganye homthieta ya boksi na risiva. Spika za zile seti zinazouzwa pamoja na deki yake mara nyingi ni za omu 3 au 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), plagi zake zina umbo la peke yake, na sabufa yake, yaani spika ya besi, kwa kawaida haina amplifaya ndani, inategemea nguvu ya deki. Mteja akikuletea spika hizo bila deki, mweleze ukweli mapema, kabla hajalipa nauli yako.

3. Multimita ni shahidi, lakini husema nusu ya habari. Spika ya omu 8 ikipimwa kwenye vituo vya nyuma, pale waya unapofungwa, husoma karibu 6, na ya omu 4 husoma tatu na kitu. Kusoma pungufu kidogo si ugonjwa. Ikisoma njia imekatika, huenda koili imeungua au kuna kiungo kimeachia ndani ya boksi. Jambo ambalo vijana hulisahau ni kwamba twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, imekaa nyuma ya kapasita inayozuia umeme wa multimita, kwa hiyo kipimo cha nyuma hakikwambii lolote kuihusu. Lazima uweke sikio.

4. Bonyeza kwa kidole ule ukingo unaoshika koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka. Ukiwa wa sponji, na spika ina miaka 20, unaweza kubaki na unga wa kahawia mkononi, hasa huku pwani kwenye joto na unyevu. Ukingo hubadilishwa, na spika huendelea kuishi. Wa mpira hudumu zaidi.

5. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Mnalijua hili. Mimi pia nililijua, na ndiyo maana lilinigharimu.

Miaka tisa iliyopita, nikiwa nimeanza tu kujiita fundi, niliitwa na mzee mmoja mstaafu huko Tanga. Alikuwa na spika mbili ndefu za mbele ambazo mdogo wake alimletea kwa kontena kutoka Uingereza, spika ya kati, mbili ndogo za nyuma, na risiva ya zamani iliyotunzwa vizuri kuliko baadhi ya magari. Sabufa hakuwa nayo wala hakuitaka, kwa kuwa alisema besi ya spika zake inamtosha. Waya wa spika ya kulia haukufika, nikauunga nyuma ya kabati la vyombo kwa kipande nilichokikuta ndani ya begi langu. Waya wa mzee ulikuwa na mstari mwekundu ubavuni, kipande changu kilikuwa cheupe pande zote mbili, nami nikaviunga nikiwa nimelala kifudifudi gizani, kisha nikafunga tepu nyeusi kwa ustadi ambao hata leo ninausifu.

Tulipowasha sinema, maneno yalitoka safi kabisa, kwa sababu maneno ya sinema hutoka hasa kwenye spika ya kati, ambayo sikuigusa. Hilo ndilo lililonipa kiburi. Tukaweka taarabu. Ngoma zilisikika kama zinapigwa nyumba ya tatu, na sauti ya mwimbaji, badala ya kukaa katikati ya spika mbili, ilikuwa inaelea ukutani bila makao. Leo ningelitambua tatizo hilo bila kunyanyuka kitini: koni moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, besi za pande mbili zinamfikia msikilizaji zikiwa zinapingana, zinafutana. Wimbi la besi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, hivyo kuhama kutoka mwisho huu wa sofa hadi ule hakuleti nafuu kubwa. Ni mpaka usogee karibu kabisa na spika moja ndipo besi yake ikufikie kabla ya kufutwa na nyingine.

Siku ile sikuyajua hayo. Nilimwambia mzee, kwa sauti ya daktari anayetoa majibu mabaya, kwamba spika zake zimechoka. Mjukuu wake wa miaka kama saba alikuwa amekaa sakafuni akiegemea spika ya kushoto, akasema, "Babu, mbona huku inadunda?" Nilimwambia mtoto si vizuri kukaa karibu na spika, ataharibu masikio.

Mzee alinitazama kidogo, akasema, "Wewe ndiye fundi, mwanangu."

Nilimsaidia kuziuza. Mwalimu mmoja kijana alizichukua kwa shilingi 120,000, nami nikamletea mzee nyingine za shilingi 450,000, nikazifunga kwa nyaya zilezile. Besi hakuna. Nikalaumu chumba, nikasema vigae vitupu na madirisha makubwa vinaua sauti, na mzee akanunua zulia na mapazia mazito. Besi hakuna. Nikamwuzia sabufa kwa shilingi 280,000, na safari hii besi ikaja, maana sabufa ilikuwa na waya wake yenyewe na haikuwa na habari na uovu wangu nyuma ya kabati. Nilipongezwa, nikanyweshwa chai kwa kaimati, nikaondoka nikiamini kwamba nimeshinda chumba kigumu.

Baada ya miezi minne yule mwalimu alinipigia nikamfungie king'amuzi. Nilizisikia spika za mzee kabla sijafika mlangoni. Alikuwa amezifunga mwenyewe kwenye amplifaya ya kawaida ya chaneli mbili, na glasi za kabatini zilikuwa zinalia. Nilisimama kizingitini na kiatu kimoja mkononi, nikamwuliza amezifanyia matengenezo gani. Akafikiri, akasema, "Nilizipangusa vumbi."

Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kwa mzee na betri moja ndogo ya volti 1.5, nikachomoa nyaya za spika kwenye risiva, nikagusisha ncha zake kwenye betri kwa nukta moja tu, ule wa chanya kwenye chanya na wa hasi kwenye hasi. Koni ya kushoto ikaruka kuja mbele, kama inavyotakiwa. Ya kulia ikarudi ndani. Nikaufuata waya hadi nyuma ya kabati, mzee akiwa amenishikia tochi, nikabandua ile tepu yangu nzuri na kukuta waya wenye mstari mwekundu umeungwa mahali pasipo pake. Ningeweza kugeuza kimyakimya na kusema nilikuja kukagua. Wazo hilo lilinijia, tena halikupita haraka. Lakini mzee alikuwa ameshika tochi, mwanga umekaa juu ya vidole vyangu, na nikamweleza yote tangu spika hadi zulia.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Kwa hiyo yule mtoto alisikia sawasawa?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi usiniambie mimi. Mwite umwambie yeye."

Nikaitiwa mtoto kutoka uani, nikamwambia mbele ya babu yake kwamba alichosikia siku ile kilikuwa kweli na kwamba fundi alikosea. Aliuliza kama sasa anaruhusiwa kukaa karibu na spika. Mwalimu alikataa kuzirudisha zile spika hata nilipompa mara mbili ya bei yake, na sikuweza kumlaumu. Sabufa niliichukua na kurudisha fedha yake kwa awamu tatu. Ndiyo hii mnayoiona karakana, ile ya kupimia. Zulia mzee alinikataza nisilitaje, akisema lilikuwa zuri.

Kwa hiyo betri hukaa mfukoni. Piga kipimo kwenye ncha za waya zilizo upande wa risiva, ili upime waya, viungo na spika kwa pamoja, kwa sababu kosa linapenda kukaa pale ambapo macho hayafiki. Ukisikia besi imepotea na sauti ya mwimbaji haina makao, shuku mkono wako kwanza, halafu mkono wa fundi aliyekutangulia, halafu ndipo uitazame spika.

6. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha sebule nyingi. Ukipita mita 15 hivi weka wa 2.5. Sokota nyuzi zote ziingie ndani ya kituo, kwa kuwa uzi mmoja ukigusa kituo cha pili risiva hujizima kujikinga, nawe utaanza kuambiwa kwamba umeuza mashine mbovu.

7. Spika mbili za mbele zikae kwa pembe ya nyuzi 30 kila upande kutoka mstari wa katikati wa msikilizaji, na za pembeni nyuzi 100 hadi 120, yaani nyuma kidogo ya masikio. Najua sebule zetu zina mlango pale ambapo spika inatakiwa iwepo. Punguza ukamilifu kwenye spika za nyuma, usiupunguze kwenye spika ya kati, ambayo nimeikuta imetumbukizwa ndani ya kabati nyuma ya maua ya plastiki na mteja akilalamika kwamba waigizaji wanang'ata maneno. Sabufa nayo iweke kwanza juu ya kochi la mwenye nyumba, cheza wimbo wenye besi, kisha tambaa ukutani hadi upate mahali ambapo besi imenyooka. Hapo ndipo utakapoihamishia. Watoto watacheka. Waache wacheke.

8. Pima umbali wa kila spika hadi kochi kwa tepu ya mafundi seremala na uuandike kwenye risiva, kwa sababu sauti hutumia takribani milisekunde moja kwa kila sentimita 34, na risiva huzicheleweshea zile za karibu ili zote zifike pamoja. Risiva nyingi za mtumba hufika bila maikrofoni yake ya upimaji, na ya chapa nyingine haifai kwa kazi hiyo. Kata besi ya spika kwenye hezi 80 kama sabufa ipo, ya chini ya hapo iende kwa sabufa, hata kama mteja anajivunia urefu wa spika zake.

9. Risiva iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2009 haina ARC, ile njia ya kurudisha sauti ya televisheni kwenye risiva kupitia waya wa HDMI, kwa kuwa iliingia na HDMI 1.4 mwaka huo, na baadhi ya za baada ya hapo hazina pia. Tumia waya wa mwanga (optical), kisha ingia kwenye mipangilio ya televisheni uiondoe kwenye PCM (sauti isiyobanwa), maana kwa waya huo PCM hupitisha chaneli mbili tu, na mteja atakaa mwaka mzima akiwa na spika tano, mbili zikifanya kazi na tatu zikipamba sebule.

Spika za kijana wetu zinarudi kwa mwenyewe kesho. Nimemwambia akazifunge peke yake, na kabla hajatoka nimemkagua mfuko: betri ipo, ingawa ameichomoa kwenye rimoti ya televisheni yangu.