Kwa mnaoanza utafiti wa hatari za mazingira: acheni kuuliza "kwa nini hawahami"

Saa hizi naona wengi wanaingia kwenye hii fani, wengine wametoka jiografia, wengine uhandisi wa maji, wengine afya ya jamii, na karibu wote wanakuja na swali lilelile kichwani, hawa watu wanajua mafuriko yanakuja kila mwaka, mbona hawahami? Ukiliweka hilo kwenye proposo yako ushaharibu nusu ya kazi kabla hujafika fildi, maana tayari ushaamua kwamba tatizo ni uelewa wa watu, na mwisho wake utapendekeza "elimu itolewe kwa jamii", pendekezo ambalo liko kwenye kila ripoti na sijaona limemsaidia nani.

Watu wanajua jamani. Anayeishi bondeni anajua maji yanapita wapi kuliko hiyo ramani yako ya setilaiti. Cha kuuliza ni hapo alipo anapata nini na akiondoka atapoteza nini, kibarua kiko umbali gani, nauli atatoa wapi, nani atabaki na watoto, huko anakopelekwa kodi ikoje. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 serikali ya Sri Lanka ilitangaza ukanda wa kutojenga, mita 100 toka baharini maeneo ya kusini na magharibi, mita 200 kaskazini na mashariki, kwenye karatasi iko safi kabisa, ila mvuvi ukimhamishia mbali na chombo chake umemkinga na wimbi ambalo pengine hataliona tena maisha yake yote, alafu kipato cha kila siku umekikata. Baadaye ule ukanda wakaulegeza.

Kitu cha pili, na hiki supavaiza wako atakupitisha haraka haraka, ni kwamba hatari na tukio ni vitu viwili tofauti. IPCC, lile jopo la kimataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi, kwenye ripoti yao maalumu ya 2012 waliigawa hatari vipande vitatu: tukio lenyewe, nani na nini kiko kwenye njia ya hilo tukio, na wepesi wa hao watu kuumia. Wanaoanza wanapenda cha kwanza kwa sababu kina mashine na grafu nzuri, cha tatu ndo kina kazi. Angalia mwaka 2010, Januari Haiti wamepigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0, waliokufa wanakadiriwa kuanzia laki moja kwenda juu, mwezi uliofuata Chile wamepigwa na la 8.8 ambalo kwa nishati ni kama mara 500 ya lile, na pamoja na tsunami yake wakafa watu 500 na kitu. Sasa usilinganishe kijinga, la Chile lilikuwa chini ya bahari na la Haiti lilikuwa karibu kabisa na mji mkuu, lakini hata ukitoa hilo bado kuna suala la majengo na sheria za ujenzi zinazofuatwa. Au joto la Chicago Julai 1995, watu zaidi ya 700 walikufa juu ya idadi ya kawaida, na wengi ni wazee wanaoishi peke yao, wengine wamefunga madirisha kwa kuogopa wezi. Ungepima nyuzijoto za kila mtaa usingeona hata robo ya hiyo habari.

Ila mfano ambao mi nawaambia wote wanaoanza wausome mpaka waumeze ni wa arseniki, ile sumu, Bangladesh. Kuanzia miaka ya 70 huko vilichimbwa visima vya pampu ya mkono kwa mamilioni ili watu waache kunywa maji ya madimbwi na mito, kuharisha kulikuwa kunaua watoto sana, nia ilikuwa njema na kwenye ripoti za miradi ilisomeka kama ushindi mtupu. Miaka ya 90 ndo ikaja kujulikana maji ya visima vingi yana arseniki, ya asili tu, imo kwenye mashapo ya ardhini, na waliokuwa wanayanywa ni makumi ya mamilioni ya watu. Hakuna aliyeipima mwanzoni kwa sababu walikuwa wanapima vijidudu. Wakapita kupima na kupaka rangi, pampu nyekundu usinywe, ya kijani kunywa, hapo mtafiti wa maabara anafunga daftari anadhani kamaliza, kumbe ndo kazi inaanza, kisima cha kijani kiko kwa nani? mna ugomvi? mwanamke atatembea mara ngapi kwa siku kwenda kwenye ua wa mtu mwingine? Waliokuja kufuatilia waliona umbali wa kisima salama una uzito mkubwa kwenye uamuzi wa kaya kubadilisha au kubaki palepale.

Na hapohapo kuna somo la vipimo. Kikomo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, kwa arseniki kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, Bangladesh wanatumia 50. Kisima chenye 30 ni salama au si salama? Inategemea umeshika rula ipi, kwa hiyo andika wazi umetumia ipi na kwa nini, usiseme tu "maji hayafai". Hewa nayo hivyohivyo, WHO mwaka 2021 walishusha kiwango cha wastani wa mwaka cha PM2.5, yaani vumbi laini kabisa la hewani, toka mikrogramu 10 mpaka 5 kwa mita ya ujazo, ukichukua makala ya 2015 ukalinganisha asilimia zao na zako bila kuangalia hicho kitu utatoa hitimisho la ajabu.

Kuhusu takwimu za majanga, muwe makini na hifadhidata kubwa. EM-DAT, hifadhidata ya majanga ya dunia nzima ambayo kila mtu anaichota, inaingiza tukio likiwa na vifo 10 au zaidi, au walioathirika 100 au zaidi, au imetangazwa hali ya dharura, au nchi imeomba msaada wa nje. Sasa yale maji ya magotini yanayoingia nyumba kumi mara tatu kwa mwaka, yanaozesha godoro, yanaharibu cherehani, mtoto hasomi wiki nzima, hayo hayapo mule. Na ndo hayohayo yanayofanya kaya isinyanyuke miaka nenda rudi. Ukitaka mada ambayo haijachoshwa, iko hapo.

Sampuli: nenda na msimu wa mvua pia, msiende wakati barabara imekauka mkarudi na ripoti ya ukame. Ingia ndani, acha kuishia nyumba za kando ya lami. Usihoji mkuu wa kaya peke yake, kimbunga cha Bangladesh cha 1991 kiliua watu kama laki moja na elfu arobaini, na wanawake walikufa wengi kuliko wanaume, sasa ukiongea na wanaume watupu utajuaje kwa nini. Wapangaji nao wanasahaulika sana, orodha ukipewa na kiongozi wa mtaa mara nyingi ni ya wenye nyumba. Na kuna watu ambao hawapo kabisa, walioshindwa wakaondoka, we unahoji waliobaki alafu unaandika jamii ni "himilivu", yaani inastahimili majanga, watafute hata kwa simu.

Maswali yawe ya vitu vinavyoonekana. "Je umeathirika na mabadiliko ya tabianchi?" hilo litajibiwa ndiyo na kila mtu, hasa ukishuka kwenye gari lenye nembo ya shirika. Muulize mara ya mwisho maji yalifika wapi ukutani, akuonyeshe, upime na futi yako. Ulitoa nini kwanza nje? Ulilala kwa nani? Ulikopa kwa nani na umeshamaliza? Na ukifika tu sema hujaleta msaada wowote, sema tena wakati wa kuondoka, inaudhi kidogo ila bora hivyo kuliko watu wajiandikishe kwako wakitegemea mahindi au mabati.

Sasa hili la mwisho ndo linaloniumiza kichwa zaidi, GPS, ile ya simu kurekodi mahali hasa ulipo. Programu za simu za kukusanyia data kama KoboToolbox ukiweka swali la eneo zinachukua mlango kwa mlango, na nyie mkimaliza mnatoa ramani yenye vidoti. Wengi mnaowahoji hawana hati ya ardhi. Ile ramani yenu ya "kaya zilizo kwenye hatari kubwa" kesho inaweza kuwa ramani ya bomoabomoa, na hamtaulizwa. Wale wa tafiti za DHS, zile za idadi ya watu na afya zinazofanywa nchi nyingi, wanasogeza makusudi vidoti vya maeneo waliyohoji, mpaka kilomita 2 mjini na 5 vijijini, na vichache vijijini mpaka 10, na hivyo ni vya kundi zima la kaya, sio nyumba moja. Fanyeni na nyie, au mtoe kwa eneo, na picha za nyumba ziangalieni pia kama zina eneo ndani yake. Kabla ya kuchapisha chochote rudini na ile ramani mkae nayo na wenyewe, waseme kipi kitoke na kipi kibaki, na hela ya hiyo safari muiweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza maana mkishaanza kuandika makala mfadhili hawapi tena.