Shangazi, nichonge pua kabla ya harusi?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, naishi Nkuhungu hapa Dodoma na kazi yangu iko Mtumba. Pua yangu ina matundu mapana. Nilipokuwa shule Mpwapwa walikuwa wananiita Mapua, nikazoea. Sasa nafunga ndoa Desemba. Mpambaji wangu alinifanyia majaribio ya mekapu, akapaka kivuli pembeni mwa pua ikaonekana nyembamba, nikajipenda mpaka machozi yakanitoka. Nilipoosha uso nikaumia sana. Yeye ndiye aliyenipa namba ya mtu wa Dar anayepunguza matundu ya pua: nusu saa, ganzi tu, unaenda na treni ya asubuhi unarudi na ya jioni. Nimeshamtumia kianzio kutoka fedha za kikoba. Mchumba wangu hajui, na mama nikimwambia atasema namkosoa Mungu. Je, jambo hili linanifaa? — Mapua, Nkuhungu*

Marahaba mwanangu.

Sitakuambia kwamba pua yako ni nzuri basi uachane na mawazo hayo. Sijaiona, na jibu hilo umeshapewa na kila anayekupenda, halikukusaidia. Mtu mzima akitaka kubadilisha sehemu ya uso wake kwa fedha yake, ana haki hiyo, na wala simhesabii dhambi. Ninachokipinga ni hiyo safari ya treni.

Huyo mtu wa Dar hakukudanganya kuhusu nusu saa. Kupunguza matundu ya pua peke yake ni upasuaji mdogo, na mara nyingi hufanywa kwa ganzi ya sehemu tu. Si jambo jipya pia; Robert Weir, daktari wa New York, aliuelezea mwaka 1892. Daktari anakata kipande kidogo, cha milimita chache, kwenye shina la bawa la pua pale linapokutana na shavu, au kwenye sakafu ya tundu, au kote kuwili, kisha anashona. Nyuzi zinatolewa baada ya siku tano hadi saba hivi. Uvimbe unachukua wiki kadhaa kupungua, na kovu linaendelea kubadilika rangi na ugumu kwa miezi, wakati mwingine hadi mwaka mzima. Sasa nieleze, hizo nyuzi atazitoa nani? Na usiku wa pili ukivimba upande mmoja uko chumbani kwako Nkuhungu, utampigia nani? Kidonda hakifuati ratiba ya treni.

Tena usisahau unaishi wapi. Kiangazi chetu kina upepo na vumbi, hewa kavu inayokausha pua hata ya mtu mzima wa afya. Kidonda cha pembeni mwa tundu kinataka kusafishwa kwa utaratibu, kupakwa dawa ya kulainisha na kukaguliwa na mtu anayejua anachokiangalia.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba nyama ya pua ikishatolewa hairudi. Daktari mwangalifu hukata kidogo kuliko ulivyoomba, kwa sababu kuongeza kukata baadaye kunawezekana. Akizidisha, tundu linabana, hewa inapita kwa shida, na kurekebisha kunaweza kuhitaji kipande cha ngozi na gegedu, ule mfupa laini, kutoka kwenye sikio lako kipandikizwe puani. Matundu yanaweza pia kutofautiana, moja likawa duara na jingine likakunjika. Halafu kuna hili ambalo wanaouza huduma hawalisemi: upasuaji huu haugusi mgongo wa pua wala ncha yake. Kama ncha yako ni ya mviringo, ukibana chini tu, ncha inaonekana kubwa kuliko mwanzo. Kivuli cha mpambaji kilipita pua nzima, kuanzia kwenye nyusi. Kwa hiyo ile pua iliyokutoa machozi huenda si hiyo utakayopata kwa nusu saa ya Dar, hata kazi ikifanyika vizuri kabisa.

Kuhusu makovu, nina swali ambalo litakupeleka kwa mama upende usipende. Je, kwenu kuna mtu ana keloidi, lile kovu linalovimba na kukua kuliko kidonda chenyewe, labda alipotoga masikio, alipochanjwa au alipofanyiwa upasuaji wa uzazi? Sisi wenye ngozi nyeusi tunazipata zaidi kuliko wengine, na zinatembea katika ukoo. Pua haishambuliwi sana kama ndewe la sikio, kifua au bega, lakini ikitokea pale katikati ya uso hakuna pa kuificha. Daktari wa kweli atakuuliza historia hiyo kabla hajagusa kisu. Aliyekubali kukukata kwa simu, bila kukuona, hajakuuliza.

Sasa tuje kwenye kioo. Ulianza lini kuumia kiasi hiki? Umesema mwenyewe ulizoea. Ulichekwa Mpwapwa ukapita, ukasoma, ukaajiriwa, ukapendwa. Maumivu yamekuja na maandalizi, na picha, na kivuli cha poda. Nadhani pia unajipiga selfi nyingi siku hizi. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walichapisha hesabu kwamba picha inayopigwa sentimita 30 kutoka usoni huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko picha inayopigwa kutoka mita moja na nusu. Ni umbali tu, simu iko karibu mno na kilichotangulia mbele. Mwambie mdogo wako asimame hatua mbili tatu kutoka kwako, mchana, karibu na dirisha, akupige picha bila filta. Ndivyo watu wanavyokuona ukiwa umekaa mbele yao, na ndiyo picha ya kuamulia.

Ukifika kwa mtaalamu, muulize anapima kwa kipimo gani. Ipo kanuni ya zamani inayosema upana wa chini ya pua ulingane na nafasi iliyo kati ya pembe za ndani za macho. Ilitoka kwa wachoraji na wachongaji wa Ulaya, na watafiti walipowapima Wamarekani weusi waliwakuta wengi wana pua pana kuliko nafasi hiyo. Daktari anayetaka kukuingiza katika kipimo hicho atakupa pua isiyoafikiana na midomo wala mashavu yako. Anayefaa ataanza na uso wako mwenyewe, na atakuonyesha picha za watu wenye ngozi na pua kama zako aliowafanyia, za kabla na za baada ya mwaka.

Naomba unisikilize na hili bila kukasirika. Kama unawaza pua yako zaidi ya saa nzima kwa siku, kama unakwepa mikusanyiko, kama unarudi kwenye kioo tena na tena na hutulii, basi kisu hakitakutuliza. Wenye hali hiyo wakifanyiwa upasuaji, wengi huumia vilevile au huhamishia maumivu sehemu nyingine ya mwili. Hali hiyo inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili, na wakati mwingine kwa dawa. Najua hapa Dodoma ukimtajia mtu Mirembe anadhani umemtukana. Mimi nakutajia kwa heshima. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko mjini kwetu, na kwenda kuongea na mtu pale si aibu hata kidogo.

Ushauri wangu ni huu: usifanye kabla ya Desemba. Harusi ina tarehe, na tarehe inamfanya mtu akubali mambo ambayo asingeyakubali akiwa ametulia. Mwombe mpambaji akurudie majaribio bila kile kivuli, au kikiwa chepesi, ujione bibi harusi mwenye pua yako. Muulize pia kama analipwa kwa kila anayempeleka kwa huyo mtu.

Harusi ikipita, ukae mwaka. Mwaka ukiisha na bado unaitaka, bila sherehe mbele yako na bila anayekuhimiza, nenda ukiwa na moyo mkunjufu. Anza na daktari wa pua, masikio na koo, hospitali ya Benjamin Mkapa hapahapa, akuangalie unavyopumua. Kisha tafuta daktari bingwa wa upasuaji wa uso au upasuaji rekebishi, hakikisha amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kazi ifanyike hospitalini, si kwenye chumba cha saluni au nyumba ya kulala wageni. Asiyetaka uone leseni yake, ondoka. Na ujipange kwa fedha yako mwenyewe, bima haigharamii urembo. Wakikushawishi uchomwe sindano za kujaza pua ukiambiwa ni rahisi zaidi, kataa. Sindano hizo haziwezi kupunguza tundu, na zikiziba mshipa wa damu zinaweza kuua ngozi ya pua au kumpofusha mtu.

Mchumba mwambie, na umwambie sasa. Si kwa kumwomba ruhusa. Anakuoa, na ukiwa na kidonda usoni yeye ndiye atakayekuuguza. Tena watoto wenu wanaweza kuzaliwa na pua hiyohiyo, kwa hiyo ni vizuri mlizungumze mapema, msije mkamfundisha binti kuichukia. Mama naye mwendee na swali la keloidi kwanza. Huenda mazungumzo yakawa marahisi kuliko unavyoogopa.

Kianzio ulichotuma, mwandikie huyo mtu leo hii urudishiwe, na utunze ujumbe wote. Asiporudisha, ihesabu fedha hiyo imepotea, uanze kuirejesha kikoba kidogo kidogo. Usikubali kwenda kukatwa kwa sababu tu umeshalipa.