Friji ndani ya Hiace: betri ipi?

SWALI: Mimi na mume wangu tunastaafu mwakani, tutaishi ndani ya Hiace tukizunguka Uganda. Fundi anataka friji itumie betri ya gari. Ni sawa? – Mama wa Jinja

JIBU: Mama, mkatalie. Betri ya kuwashia injini hutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Ukiimaliza kila usiku inakufa mapema, na asubuhi gari haliwaki. Friji ya kompresa ya volti 12, lita 40, hula takriban ampea-saa (kipimo cha umeme wa betri) 40 hadi 50 kwa siku ya joto. Nunueni betri ya pili: lithiamu ya ampea-saa 100, au ya asidi ya 200, kwa kuwa hiyo haifai kushushwa chini ya nusu.

Paneli ya sola ya wati 200 inatosha siku za jua. Huku karibu na ikweta ilazeni tu juu ya paa, ila acheni nafasi ya sentimita 3 hewa ipite. Paneli ikipata joto kali hupoteza nguvu. Kwa mvua za Aprili, ongezeni chaja inayovuta umeme wa alteneta, yaani jenereta ya injini ya gari.

Zaidi ya yote, fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana waya usio na fyuzi ukichubuka huwasha moto. Waya wa friji uwe milimita za mraba 6. Mwembamba hupunguza volti, friji ikazimika wakati betri bado imejaa.