Mwambie Baba Yako Chai Iko Tayari

Nyumba niliyokulia, Tanga, haikuwa na kelele. Majirani walitusifia kwamba kwetu hakusikiki ugomvi, na kweli hawakuwa wakiusikia. Mama akikasirika hakupandisha sauti, aliniita mimi.

"Mwambie baba yako chai iko tayari."

Baba amekaa mkekani, hatua tatu kutoka alipo mama, na kila neno amelisikia. Hanyanyuki. Inabidi nizitembee zile hatua tatu, nisimame mbele yake, niseme, "Baba, mama anasema chai iko tayari." Naye: "Mwambie nimesikia." Nageuka, hatua tatu nyingine. Kuna wiki kazi hiyo niliifanya kutwa, siku zote saba.

Nilikua nikidhani huo ndio ustaarabu. Nikaoa huku najisifu kuwa mimi si mtu wa hasira. Mwenzangu katoka nyumba ambayo watu wanafokeana asubuhi, mchana wanagombea ukoko wa wali wakicheka. Miaka ya mwanzo nilimwona mkorofi. Akisema jambo limemuudhi, mimi nanyamaza, nachukua simu, naenda zangu barazani. Anabaki anaongea na ukuta. Baada ya muda akaacha kusema, na mimi, kwa ujinga wangu, nikafurahi. Nikadhani ametulia.

Kisha ikaja habari ya ada. Tulikuwa tumeweka laki nne za shule ya binti yetu. Mdogo wangu akanipigia, injini ya bodaboda yake imekufa na hana pa kushika. Nikamtumia zote bila kumwambia mke wangu, nikijipa moyo kuwa nitazirudisha kabla hajajua. Alikuja kujua pale dada yangu alipompigia simu kutushukuru kwa kumsaidia mdogo wetu.

Hakufoka. Alininunia kimya kimya, kwa ule ule ufundi alioupata kwangu. Siku ya nne nimekaa sebuleni, namsikia jikoni: "Mwambie baba yako luku inalia." Binti yetu, wakati huo yuko darasa la pili, akaja akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Baba, mama anasema luku inalia." Akameza mate. "Na anakusalimia."

Jikoni mwiko ukanyamaza kwenye sufuria. Salamu hiyo hakutumwa na mtu. Aliitunga mwenyewe katika zile hatua chache, ili ujumbe usifike mkavu.

Usiku ule, mtoto alipolala, nilimwomba mke wangu aseme. Alisema karibu saa nzima, na alipandisha sauti, na mimi nilikaa. Kumbe hesabu yangu yote ilikuwa kombo. Mimi nilidhani ugomvi ni wa laki nne. "Hela hata mimi ningempa shemeji," alisema. "Ila umeniacha nishukuriwe kwa jambo nisilolijua. Nimemjibu wifi 'usijali' kama zuzu." Hilo nisingelijua kamwe kama ningekimbilia barazani.

Tangu hapo nimebadili mawazo kuhusu hasira. Wahenga walisema hasira hasara, nami siwapingi, ila hasara kubwa nyumbani kwetu ililetwa na hasira iliyofichwa. Anayekugombeza bado ana tumaini na wewe. Akiacha ghafla kulalamika, usishangilie kama mimi. Muulize.

Sasa tunagombana, tena vizuri. Jambo moja kwa wakati mmoja, lile lililopo mezani. Ukianza na "wewe siku zote" au ukarudi kwenye mambo ya harusi, umeshaanza kufukua makaburi, na hapo hakuna atakayesikilizwa. Mwenye udhaifu huu ni mimi, mke wangu atawathibitishia. Na kamwe tusirekodi sauti na kuituma wakati damu imepanda, hasa kwenye grupu la ukoo. Maneno ya mdomoni yanasahaulika, ile sauti shangazi ataisikiliza mara tano.

Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa aliyekasirika akiwa amesimama akae, na hasira isipomtoka alale. Zamani nililiona jambo dogo, mpaka nilipojaribu. Ukiwa chali kwenye mkeka, kufoka kunakosa nguvu, unajiona kituko mwenyewe. Nikishindwa kabisa natoka, lakini naaga: "Natembea kidogo, nikirudi tuongee." Kisha narudi. Na lile katazo la kumhama ndugu yako zaidi ya siku tatu, bibi yangu alilihesabia vidoleni. Alikuwa akiwauliza wanawe, "Leo ya ngapi?"

Ninayoyasema haya ni ya watu wanaogombana bila kuogopana. Kipigo si hasira ya mapenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Kama nyumbani unapima kila neno kwa kuogopa mkono, usikae ukisubiri mpatane.

Binti yetu sasa yuko kidato cha kwanza. Wiki iliyopita nimerudi kazini nimechoka, nakuta geti halikufungwa tena, na nilishalisema mara mbili. Nikamkuta anapiga pasi sketi ya shule. Nikaanza, "Mwambie mama yako..."

Hakuinua hata macho. "Baba, mama yuko jikoni. Hatua tatu tu."

Hadithi ya mkeka wa Tanga nilimsimulia mwenyewe, sina wa kumlaumu. Nikaenda. Tuligombana kuhusu geti, likaingia na suala la viatu vyangu mlangoni, ambalo sikulitegemea, na wali ukaungua kidogo chini. Ukoko ulikuwa mwingi, tukaugombea watatu.