Soketi Iliyochaji Simu Miaka Mingi Bado Inaweza Kuungua: Hesabu ya Volti, Ampea na Omu

Geuza birika lako la umeme utazame chini. Mengi yanayouzwa hapa Nairobi yana kibandiko cha 220–240V, 1850–2200W. Mimi ni fundi wa stima, kazi yangu kubwa iko kwenye nyumba za kupanga za Eastlands, na nikiitwa kuangalia soketi iliyoungua huanza na kibandiko hicho kabla ya kushika bisibisi.

Kanuni ni mbili. Volti (msukumo wa stima) gawanya kwa ampea (wingi wa stima unaopita), unapata omu, yaani ukinzani. Volti zidisha kwa ampea, unapata wati, yaani nguvu. Ya kwanza ni ya Mjerumani Georg Ohm, aliyeichapisha mwaka 1827. Ukiziunganisha unapata njia ya mkato: volti zidisha kwa volti, gawanya kwa wati, na omu hizo hapo hata kama ampea huzijui.

Tuijaribu kwa birika. 220 mara 220 ni 48,400; gawanya kwa 1850, jibu ni omu 26.2. Chukua sasa upande wa pili: 240 mara 240 ni 57,600, gawanya kwa 2200, jibu ni 26.2 tena. Koili, yaani waya unaopasha maji joto, ni ile ile, ukinzani wake haujasogea. Volti ndizo zimepanda na wati zikapanda nazo.

Jioni, ploti nzima ikiwa inapika, volti zinaweza kushuka kutoka 240 hadi 200. Birika hilo hilo linabaki na wati 1,527 hivi. Volti zimepungua sehemu moja kwa sita, lakini nguvu imepungua karibu theluthi, kwa sababu volti zinajizidisha zenyewe. Wateja huniambia stima hafifu inamaliza tokeni. Kwa birika si kweli. Maji yale yale yanataka joto lile lile, hivyo uniti ni karibu zile zile. Utakachopoteza ni muda wa kusubiri chai.

Hesabu ninayoithamini kuliko zote ni ya joto la kwenye maungio, pale waya unaposhikwa na skrubu: ampea zidisha kwa ampea, kisha zidisha kwa omu. Mama mmoja aliniambia, "Fundi, hii soketi tumechajia simu tangu tuhamie, haijatusumbua hata siku moja. Nimechomeka birika tu, ikaanza kunuka samaki." Harufu hiyo ya samaki ni plastiki ya soketi inayoiva. Nilipofungua, skrubu ya waya wa laini, ule unaoleta stima, ilikuwa imelegea, na ncha ya waya imekuwa nyeusi.

Tuseme ungio legevu kama hilo lina nusu omu. Chaja ya simu ya wati 10 huvuta ampea 0.04 tu, na joto linalobaki pale kwenye skrubu halifiki hata sehemu ya elfu ya wati. Birika la wati 2200 linavuta ampea 9.2. Hizo zizidishe zenyewe, kisha kwa nusu: wati 42. Hiyo ni sawa na kuacha chuma cha kulehemu cha fundi wa redio wa barabara ya Luthuli, Nairobi, kikiwaka ndani ya ukuta wako. Kwa hiyo ukisikia "lakini ilikuwa inafanya kazi vizuri", uliza ilikuwa ikifanyia kazi nini. Na baada ya kuchemsha maji gusa plagi: uvuguvugu si neno, lakini ikikuchoma, acha kuitumia na uite fundi.

Ekstensheni nayo ina mpaka wake. Plagi zetu zina fyuzi (kikatio kinachoyeyuka stima ikizidi) ya ampea 13, na 13 mara 240 ni wati 3,120 kwa matundu yote kwa pamoja. Birika la 2200 na pasi ya 1200 tayari zimeupita mpaka huo. Usitegemee fyuzi ikuokoe papo hapo. Ya 13 inaweza kubeba ampea 20 kwa nusu saa na zaidi bila kukatika, na wakati huo waya mwembamba wa bei ya chini unapikika.

Shawa ya maji moto usiichomeke kwenye soketi kabisa. Iliyoandikwa 220V, 5500W ina omu 8.8, ukiipa volti 240 inavuta ampea 27 na kutoa wati 6,500 na ushei. Inataka laini yake kutoka kwenye boksi la breka, na mimi huvuta waya wa milimita za mraba 6. Landilodi atanung'unika kuhusu bei ya waya. Mwache anung'unike.

Ukiwa na multimeta, yaani kipimo cha volti, ampea na omu, pima omu za birika likiwa limechomolewa na swichi yake imewashwa, kati ya pini mbili fupi. Ukipata karibu 26, koili ni nzima. Usipime omu kwenye kitu chenye stima. Ampea za birika pia usizipime kwa multimeta ya bei rahisi, maana nyingi mwisho wake ni ampea 10 na tundu lake la kupimia ampea mara nyingi halina fyuzi. Gawanya volti kwa omu upate jibu ukiwa umekaa salama.

Balbu ya zamani ya waya itakuchanganya. Ile ya wati 100 ikiwaka ina omu 576, lakini ukiipima ikiwa baridi utapata ndogo mno kuliko hapo, kwa kuwa ukinzani wa ule uzi hupanda sana unapopata joto. Friji na pampu ya maji usizipigie hesabu ya koili hata kidogo. Zina mota, na mota ikipewa volti chache huelekea kuvuta ampea zaidi, si pungufu, hadi ipate moto. Volti zikishuka sana jioni, birika liache lichelewe, friji ichomoe.