Kijumbe na pindo la khanga: nilivyojifunza kuandika mgogoro wa nafsi

Stelingi wa skripti yangu ya kwanza alikuwa mama mmoja, kijumbe wa mchezo wa upatu, yaani mwenye kukusanya na kutunza michango ya wenzake, aliyetumia hela za wenzake kumlipia mtoto hospitali. Nilitaka kila mtazamaji ajue anavyoteseka moyoni. Basi nikamsimamisha mbele ya kioo, nikamwandikia ukurasa mzima wa kujisemesha: mimi ni mwizi, hapana, mimi ni mama. Siku ya mazoezi, uani kwetu, binti aliyemwigiza alisoma mistari minne, akashusha karatasi. "Dada, hapa naongea na nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nililia, maana sini ile niliipenda kuliko zote.

Kilichonisaidia ndicho ninachokushauri: chukua filamu unayoipenda, uitazame upya huku umezima sauti. Mimi nilichukua Nairobi Half Life ya David Gitonga, ya mwaka 2012. Mwas, kijana wa mashambani, anauza filamu za mapigano huku akiziigiza mbele ya wateja. Anaingia Nairobi akiwa na ndoto ya uigizaji, anaporwa kila kitu, hata redio ya gari aliyopewa na binamu yake aifikishe barabara ya River Road mjini humo. Anatupwa mahabusu, na humo anakutana na Oti, mkuu wa genge la kuiba vipuri vya magari. Kijana aliyeibiwa redio ya gari anageuka mwizi wa vitu vya magari, na wakati huohuo amepata nafasi katika mchezo wa jukwaani.

Nilipozima sauti nikaona nilichokuwa sijakiona. Uso uleule uliokuwa ukiwavuta wateja kijijini ndio unaombeba jukwaani, na ndio unaombeba gengeni. Kipaji ni kimoja, kinavutwa huku na huku. Tena Oti hakuandikwa kama shetani wa kumnong'oneza sikioni. Ni mtu aliyempokea siku ambayo mji mzima ulimfungia mlango, na ndiyo maana kuondoka kunauma. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huohuo, na kwa macho yangu aliistahili.

Nikarudi kwa kijumbe wangu na swali moja: ana nini ndani yake kinachotumikia pande zote mbili? Ni umakini. Wenzake walimwamini kwa sababu hakosei hesabu hata ya shilingi mia, na umakini huohuo ndio uliomwezesha kuficha pengo. Sisemi maneno ni mabaya, Waswahili tunaishi kwa maneno. Ila mtu mwenye siri nzito hutafuta cha kufanya kwa mikono.

Kioo nikakiondoa. Sasa kijumbe ameketi mkekani na daftari lake. Mbele yake yupo jirani aliyefikiwa zamu ya kupokea, ameshika kikombe cha uji aliomletea mgonjwa. Kijumbe anafungua pindo la khanga, anahesabu noti, anafunga. Anaulizia uji umetiwa nini. Anafungua tena, anahesabu upya, taratibu, kana kwamba zitaongezeka.

Binti aliisoma mara moja tu, kisha akaniuliza kama anaweza kuhesabu mara ya tatu. Nikamwambia ahesabu.